Wiki moja Tabora kwa babu: nianze na picha, kaseti au mazungumzo?

SWALI: Babu yangu mzaa baba ana miaka 84, anaishi Tabora na shangazi. Alikuwa mfanyakazi wa reli mpaka alipostaafu. Sijafika huko tangu nilipoolewa, huu mwaka wa tisa, na kusema kweli naona haya. Desemba nimepata likizo ya wiki moja. Kuna kopo la biskuti limejaa picha, nyingine zimegandana na vioo vya fremu, na kuna kaseti tatu zinazosemekana zina sauti ya baba yake babu. Shangazi anasema siku hizi babu anasahausahau na anaongea Kinyamwezi kuliko Kiswahili, nami Kinyamwezi sikijui. Nina simu ya kawaida na laptopu. Nianzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dada, anza na babu mwenyewe, na kwa babu anza na majina. Kaseti iliyokaa kwenye kopo miaka arobaini inaweza kukaa mwezi mmoja zaidi mpaka uifikishe Dar. Picha iliyogandana na kioo haitaharibika zaidi ndani ya wiki. Lakini jina la yule mama aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, mwenye mtoto mgongoni, pengine limebaki kwa mtu mmoja tu, naye ameanza kusahau. Picha isiyo na majina ikifika kwa wajukuu ni picha ya watu baki. Kwa hiyo siku ya kwanza iwe ya salamu tu, siku tatu au nne zinazofuata ziwe za picha na mazungumzo, moja ya Kinyamwezi, na ya mwisho ya kugawa nakala. Kaseti usizipige kabisa ukiwa Tabora. Sababu nitaieleza mbele.

Usingoje Desemba kuanza kuongea naye. Piga simu kuanzia wiki hii, mara mbili kwa wiki, saa ileile, dakika tano hadi kumi. Asubuhi baada ya chai ndiyo saa nzuri. Kuanzia alasiri, mtu anayesahau huwa amechoka na anachanganya mambo zaidi. Mwombe shangazi amwekee simu sikioni, asiweke spika ya nje, maana spika ya simu hukwaruza na mzee anabaki kuitikia "ee, ee" bila kusikia neno. Jitaje kwanza: "Shikamoo babu, ni mimi fulani, binti wa mwanao wa pili." Usimuulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani. Akishindwa anaona aibu, na mazungumzo yanafungwa hapohapo.

Kuhusu haya unayoiona, nenda nayo kwa shangazi kwanza. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyepika, aliyefua na kumpeleka mzee hospitali. Zawadi yake, iwe kitenge au chochote, mpe mkononi yeye kama yeye, mbali na sukari na sabuni za nyumba. Muulize saa za dawa, saa ya kupumzika mchana, na sikio lipi la babu linasikia vizuri. Babu akikuuliza ulipotelea wapi, kaa chini karibu naye, omba radhi kwa sentensi moja, uishie hapo. Ukianza kueleza habari za kazi na nauli, yeye ndiye atakayelazimika kukufariji wewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau, likaharibu kazi nzima. Mjukuu anayetokea Dar baada ya miaka tisa na simu ya kurekodi, akaanza kuuliza habari za ukoo, anaweza kudhaniwa amefuata shamba au nyumba. Kabla ya kurekodi neno lolote, waambie baba wadogo na mashangazi, kwa pamoja ikiwezekana, kwamba unakusanya majina, picha na masimulizi, na kwamba kila nyumba itapewa nakala. Babu akianza kugawa mali katikati ya maongezi, zima rekodi na umwombe alizungumze na wanawe. Wosia una taratibu zake za mashahidi, na rekodi ya simu ya mjukuu mmoja huleta ugomvi tu. Babu mwenyewe naye aombwe ruhusa kila siku kabla hujawasha. Akisema "hili lisitoke," andika dakika hiyo kwenye daftari na uiondoe kwenye nakala za kugawa.

Siku ya kwanza, basi, simu ibaki mkobani. Msalimie kwa Kinyamwezi, angalau "mwangaluka" asubuhi, hata ukikosea lafudhi. Kaa, kula, sikiliza.

Siku ya pili toa picha, lakini zitayarishe kabla hujampelekea. Osha mikono, ikauke kabisa. Tandika khanga safi mezani, uzipange bila kuzichambua sana, kwa sababu mpangilio wa picha kwenye kopo wakati mwingine una maana: zilizofungwa pamoja mara nyingi zilipigwa siku moja. Kila picha itie kwenye bahasha yake ya karatasi yenye namba: 001, 002, 003. Nyuma ya picha andika namba hiyohiyo ukingoni kwa penseli laini, 2B kwa mfano, ikiwa juu ya meza ngumu na bila kukandamiza. Kalamu ya wino hutokeza upande wa mbele au huchapa kwenye picha iliyo chini yake. Nyuma ya picha za rangi, zenye karatasi ya plastiki, penseli haishiki, kwa hiyo andika kwenye bahasha tu. Maandishi na mihuri ya studio iliyoko nyuma ipige picha pia.

Kisha piga kila picha kwa simu. Weka picha karibu na dirisha lenye kivuli, jua lisiingie moja kwa moja, zima flashi, na simu iwe sambamba na picha ili pembe zote nne zionekane za mraba. Futa lenzi kwanza. Nakala hii ni ya kufanyia kazi na babu, kwa sababu unaweza kuikuza usoni mwa mtu mmoja akaona. Mzee mwenye mtoto wa jicho hawezi kutambua sura yenye ukubwa wa punje ya mchele. Akiambiwa "huyu ni nani" atataja jina lolote ili asikuangushe, na kosa hilo litabaki kwenye ukoo. Kuza sura moja, ageuze simu kwenye mwanga, apewe muda.

Mpe na picha yenyewe ashike. Mkono ukishika karatasi, maneno huja. Washa rekodi na wewe useme kwa sauti: "Picha namba kumi na mbili. Safu ya nyuma, kutoka kushoto, wa kwanza." Halafu nyamaza. Ukisema "huyu, na huyu hapa," rekodi haitamsaidia mtu yeyote baadaye, kwani sauti haionyeshi kidole. Akisema hajui, sema "hajulikani" kisha songa mbele. Usimchomekee jibu kwa kuuliza "si ndiye shangazi fulani?" Atakubali kwa adabu. Ukimaliza waliomo, uliza ambao hawamo: nani alipaswa kuwepo siku hiyo, nani aliyepiga picha, na yule aliyekuwa safarini alikwenda wapi. Swali hili hufungua mengi kuliko yote.

Hapa kuna mtego wa udugu wetu wenyewe. Babu akisema "huyu ni baba yangu," anaweza kuwa baba mdogo. "Dada" anaweza kuwa binti wa mama mkubwa. Kwa kila mtu muhimu uliza mambo matatu: kazaliwa na nani kwa baba na kwa mama, ni wa ngapi katika tumbo hilo, na alioa au aliolewa na nani. Pia uliza majina yake yote, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la dini na jina la kazini, na nyaraka za kila mahali hutumia moja tu. Kama ukoo ni wa Kikatoliki, daftari la ubatizo parokiani huandika wazazi na msimamizi, kwa hiyo jina sahihi la ubatizo pamoja na kituo litakusaidia baadaye. Wamisionari wa Afrika walifika upande wa Tabora mwaka 1878, hivyo madaftari ya huko ni ya zamani.

Swali la "ilikuwa mwaka gani?" liache. Wazee wachache hukumbuka mwaka, lakini karibu wote hukumbuka nini kilitangulia. Uliza: ulikuwa umeshaoa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Mlikuwa mmeshahamia kijijini? Kisha wewe ndiye upige hesabu. Kwa mzee wa Tabora wa umri huo una vigingi vizuri: mradi wa karanga wa Urambo wa mwishoni mwa miaka ya 1940, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ukakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), Uhuru Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, na Vita vya Kagera 1978 na 1979. Kwa mtu wa reli kuna kigingi kizito zaidi. Mpaka mwaka 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja, EAR&H. Baada ya hapo reli ikajitenga ikawa EAR, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaunda shirika lake, TRC. Kuza beji ya kofia na vifungo vya koti kwenye picha. Herufi tatu tu zinaweza kukupa muongo.

Kwa mazungumzo marefu, kikao kimoja kisizidi dakika 45. Mengi ambayo mtu anayakumbuka kwa uwazi uzeeni ni ya kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi. Kwa babu yako hiyo ni takriban 1951 hadi 1971, kwa hiyo anzia huko, mambo ya juzi yaache. Uliza kitu kimoja kinachoshikika: siku yako ya kwanza kazini ulivaa nini, mshahara wa kwanza ulinunua nini, nyumba ya mama yako mlango ulitazama wapi na jiko lilikuwa upande gani. Maswali kama "tuambie historia ya ukoo" humfanya mzee atoe hotuba. Akisimama katikati ya sentensi, hesabu moja hadi kumi moyoni kabla ya kuongea, kwani mara nyingi jina linakuja kwenye ya nane. Akirudia kisa kilekile, acha arudie. Toleo la tatu huwa na mtu ambaye hakutajwa kwenye la kwanza. Akikosea jambo, usimrekebishe mbele ya rekodi. Andika pembeni.

Simu iweke kwenye alama ya ndege ili mtu asipige katikati ya maongezi, iwe na chaji, na iwe na nafasi ya gigabaiti mbili tupu. Programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu inatosha. Kwa ubora wa kawaida saa moja hula megabaiti zipatazo 60. Ukichagua WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya njia moja ni kama 320. Weka simu juu ya khanga iliyokunjwa, si mezani moja kwa moja, maana kila kikombe kikiguswa meza itanguruma. Umbali uwe kama shibiri moja au mbili kutoka kinywani, maiki ikimwelekea, na usiishike mkononi. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola ni nzuri zaidi ukiipata. Zima redio, runinga na feni. Desemba Tabora ni msimu wa mvua, na mvua ikianza juu ya bati hakuna programu itakayoirudisha sauti, kwa hiyo fanya asubuhi na uwe tayari kusimama. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Mwanzoni taja tarehe, mahali, na waliopo wote. Video ichukue kwa mambo ya kuona tu: anavyosalimu, anavyoimba, anavyoonyesha kwa mikono jinsi ya kupungia treni bendera. Saa nzima ya video itakujazia simu bila faida.

Kinyamwezi kisikuogopeshe, wala usimlazimishe arudi kwenye Kiswahili. Lugha aliyojifunza kwanza mara nyingi ndiyo inayobaki kwa muda mrefu, na mambo ya utotoni yamo humo. Mwache aongee moja kwa moja. Mkalimani asiingilie kati, atamkatiza na kufupisha. Mchana, babu akiwa amepumzika, kaa na shangazi au ndugu anayekijua vizuri. Cheza rekodi kwenye simu moja, simamisha kila baada ya sentensi mbili tatu, yeye aseme Kiswahili chake kwa sauti, na simu ya pili irekodi vyote viwili. Saa moja ya babu itakula saa tatu hadi nne, ndiyo maana nimekutengea siku nzima. Msisitize asilainishe. Tusi, fumbo na methali viletwe kama vilivyo, kisha ndiyo aeleze. Majina ya watu, mito na vijiji ayataje polepole mara mbili nawe uyaandike.

Sasa zile picha zilizogandana na kioo. Usizibandue. Unyevu umelainisha utando wenye taswira ukashika kioo, na ukivuta, sura zitabaki kwenye kioo. Usiloweke wala usipitishe kisu. Toa fremu na ubao wa nyuma, acha picha na kioo pamoja, safisha upande wa nje wa kioo kwa kitambaa kikavu, kisha piga picha kupitia kioo hichohicho. Vaa nguo nyeusi na simama nyuma ya kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi, mng'ao utakwisha. Hizo zilizobaki zipelekwe kwenye skana, picha ndogo kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, za pasipoti kwa 1200. Steshenari nyingi hukupa PDF, kwa hiyo omba TIFF au JPEG ya ubora wa juu, simama hapohapo mpaka iishe, usiache kopo dukani. Na wakikushauri kuzipiga laminesheni, kataa katakata. Ule moto na plastiki haviondoki tena, na picha ya zamani huungua au hukunjamana humo. Naumia kila nikiona cheti au picha ya harusi ya 1960 imefanyiwa hivyo kwa nia njema.

Kaseti nimekukataza kuzipiga kule kwa sababu deki chafu inaweza kumeza mkanda ambao hauna nakala. Ukizipata, fanya mambo mawili tu. Kwanza, mgongoni mwa kaseti kuna vidude viwili vya plastiki. Vivunje ili mtu asirekodi juu yake. Pili, angalia mkanda kupitia kidirisha kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe au madoa kama utando wa buibui pembeni mwa mkanda, hiyo ni ukungu: itie kwenye mfuko wake peke yake na usiipige hata Dar, mpe fundi anayejua kuisafisha, maana itaambukiza deki na kaseti nyingine. Safirini nazo kwenye mkoba wa mkononi, mbali na jua la dirishani na mbali na spika za basi.

Zilizo safi, Dar, zipigie kwenye deki uliyokwisha kuijaribu kwa kaseti isiyo na thamani. Safisha kichwa cha kusomea na kile kijiti cha chuma kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Gurudumu la mpira lifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kuwa alkoholi hulikausha. Kabla ya kupiga, tazama kile kipande kidogo cha sponji kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Kikiwa kimedondoka, sauti itatoka hafifu, ya kufifia-fifia. Kaseti yenye skrubu tano hufunguliwa, mkanda ukahamishiwa kwenye ganda la kaseti nyingine, na kazi hiyo mpe mtu mwenye mkono mtulivu. Kisha peleka mbele mpaka mwisho na urudishe nyuma mara moja ili mkanda ukae sawa. Ukisikia unalia au unakwama, simama.

Waya ya milimita 3.5 itoke kwenye tundu la spika za masikioni la deki iingie kwenye kompyuta. Laptopu nyingi siku hizi zina tundu moja tu la pamoja, na waya wa kawaida hautasomeka au utaleta sauti ya njia moja iliyopasuka; nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia. Programu ya bure ya Audacity inatosha. Chagua 44,100 Hz, biti 16 au 24, na rekebisha sauti ili vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6, visiguse sifuri. Kaseti ya dakika 60 ni megabaiti 600 hivi kwa WAV ya stereo ya biti 16. Hifadhi faili hiyo ghafi kabla ya kuondoa mvumo wowote. Usafishaji ufanye kwenye nakala.

Faili zote zipe majina yanayojieleza: 2025-12-18_Babu_Tabora_kikao-2. Ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, vinginevyo picha na video zitabanwa. Weka nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na moja isiyokaa nyumba moja na hizo, kama hifadhi ya Google yenye gigabaiti 15 za bure. Flashi ya USB ni ya kugawia, si ya kutunzia. Picha zenyewe zibaki kwa babu, kwenye bahasha zake, ndani ya sanduku la bati juu ya rafu, mbali na ukuta kwa sababu ya mchwa, mbali na moshi wa jiko, na bila vidonge vya naftalini ndani.

Siku ya mwisho mpe shangazi flashi ya kwanza na daftari lenye namba za picha. Zile zisizo na majina ziwekee alama, kisha ukirudi Dar endelea na simu zile mbili kwa wiki: shangazi amtolee babu bahasha moja, wewe uwe na nakala yako mbele, muulizane. Kaseti zikishasomwa, mpelekee sauti ya baba yake, dakika mbili tatu tu kwa mara ya kwanza, shangazi akiwa karibu. Kisha mpe vipande vingine kwa siku tofauti. Kwenye kaseti za familia huwa kuna sauti za watu wengine nyuma, wanaocheka, wanaoitikia, wanaoita mtoto, na babu ndiye anayeweza kuzitambua. Andika dakika na sekunde ya kila sauti anayoitaja.